Kuamua kwa Kusaidiwa: Haki ya Ndugu Zetu Wenye Ulemavu wa Akili

Maneno yaliyosemwa katika semina ya viongozi wa walei



Tuliombwa tuzungumze nanyi juu ya haki za watu wenye ulemavu, na wengi wenu pengine mmekuja mkitazamia kusikia habari za viti vya magurudumu, za ngazi za majengo yetu, na za watoto wanaofichwa ndani. Hayo ni mambo ya maana, na yamesemwa mara nyingi mahali hapa. Leo twataka kuzungumza juu ya jambo moja tu, tena lisiloonekana kwa macho: ni nani mwenye haki ya kusema "nataka" na "sitaki" katika maisha ya mtu ambaye akili yake hujifunza polepole, au hupatwa na maradhi, au ambaye hawezi kusema kwa kinywa. Nasi twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, kwa sababu bila kosa hilo tusingalijifunza lolote katika haya tutakayoyasema.

Sentensi moja katika muhtasari

Mwaka 2014, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Kagera, alifariki mama mmoja mjane. Aliacha watoto wawili: mwana wa kiume aliyekuwa akifanya kazi mjini, na binti wa miaka 26 ambaye tangu utoto alikuwa mzito wa kuelewa. Binti hakumaliza darasa la pili. Kuhesabu fedha kulimshinda zikizidi noti mbili tatu. Lakini alijua kupalilia migomba, kuanika kahawa na kuchunga mbuzi, na kila mtu katika jumuiya alimjua kwa kicheko chake na kwa desturi yake ya kufika ibadani kabla ya mwenye ufunguo. Mama aliacha nyumba, kibanja cha migomba na kahawa, na mbuzi wanne.

Ukoo ulikutana, kama ilivyo kawaida, ili kumpendekeza msimamizi wa mirathi atakayepelekwa Mahakama ya Mwanzo. Wakatuomba sisi wa kamati ya haki na amani tuwasaidie kuandika muhtasari wa kikao. Tuliuandika kwa uangalifu mkubwa. Tulimtaja kaka kuwa msimamizi wa mirathi, jambo lililokuwa halali. Kisha, kwa kudhani kwamba twamlinda binti, tukaongeza sentensi moja: kwamba kwa kuwa hana uwezo wa kuamua, mambo yake yote yatakuwa chini ya kaka yake. Binti alikuwa ameketi mkekani, hatua tano kutoka mezani petu. Hatukumwuliza. Hata kumsomea hatukumsomea.

Angalieni jinsi sentensi hiyo ilivyosafiri. Hapakuwa na amri yoyote ya mahakama iliyomwondolea binti haki zake. Lakini nakala ya muhtasari ilikuwa na mihuri, na penye mhuri kwetu watu hawaulizi sana. Ofisi ya kijiji iliipokea. Chama cha ushirika kiliipokea, na malipo ya kahawa ya binti yakaanza kuingia katika simu ya kaka. Huko zahanati alichomwa sindano ya kuzuia mimba kila baada ya miezi mitatu, mhudumu akizungumza na wifi yake kana kwamba yeye hayupo. Binti mwenyewe aliambiwa ni dawa ya homa. Mbuzi wakauzwa. Mwaka 2016 akachukuliwa mjini kuwatunza watoto wa kaka, na kibanja kikakodishwa.

Tungependa kuwaambia kwamba kaka yule alikuwa mwizi. Habari ingekuwa nyepesi kusimulia. Hakuwa mwizi. Kodi ya kibanja aliiandika katika daftari, shilingi kwa shilingi, na alimnunulia dada yake kitanda, godoro na nguo. Alimpenda. Lakini binti aliacha kucheka. Mara mbili alitoroka, akakutwa stendi ya mabasi akiuliza gari la kwao. Mara ya pili aliyemkuta alikuwa jirani wa kijijini, naye akatuletea habari, na pamoja na habari akatuletea swali lililotunyima usingizi: "Ninyi mliandika kwamba hana uwezo wa kuamua. Mbona ameamua mara mbili, na mara zote mbili jambo lile lile?"

Sheria inasemaje?

Mazoea ya kumweka mtu mzima chini ya mtu mzima mwenzake ni ya kale mno. Warumi, yapata miaka 450 kabla ya Kristo, waliandika katika zile Mbao Kumi na Mbili kwamba mwenye wazimu na mali yake wawe chini ya mamlaka ya ndugu zake wa upande wa kiume. Fikra hiyo ikaenea katika sheria za Ulaya, na wakoloni wakatuletea. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo mwili wake umetokana na ile ya India ya mwaka 1872, yadai mwenye kufunga mkataba awe na akili timamu. Lakini isomeni vizuri. Haimgawi mwanadamu kuwa timamu au si timamu daima. Yauliza kama, wakati ule wa kufunga mkataba ule, aliweza kuuelewa na kupima faida na hasara yake. Na mtu ambaye kwa kawaida si timamu aweza kufunga mkataba wakati akiwa na akili zake. Kwa maneno mengine, katika muhtasari wetu sisi tulikuwa wakali kuliko sheria ya mkoloni.

Na watu wa Kagera wana sababu ya pekee ya kutafakari habari hii. Mwaka 1988 mama mmoja wa Muleba, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, na kwa kufuata sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963, ambazo zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza, mauzo yakabatilishwa. Shauri likapanda. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba kanuni hiyo yapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mama yule alikuwa na haki ya kuuza sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaja kulithibitisha jambo hilo kwa wanawake wote.

Wazee mliopo hapa mnakumbuka yaliyosemwa vilabuni siku zile: mwanamke atadanganywa, atauza kila kitu, ukoo utakufa. Leo ni nani asemaye hivyo hadharani? Maneno yale hayakufa, ila yamehama nyumba. Sasa twayasema juu ya mtu mwenye ulemavu wa akili, tena bila aibu, kwa sababu twadhani juu yake yeye maneno hayo ni kweli.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Ibara yake ya 12 yasema kwamba watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine katika nyanja zote za maisha: kumiliki na kurithi mali, kusimamia fedha zao wenyewe, kukopa benki, wala wasinyang'anywe mali yao kiholela. Kisha yaongeza jambo ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yetu: serikali ziwawezeshe kupata msaada watakaouhitaji katika kuutumia uwezo huo. Mwaka 2014 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba huo ilieleza kwamba kupungukiwa na wepesi wa akili si sababu ya kumvua mtu uwezo wa kisheria, na ikazitaka nchi ziache taratibu za kumwamulia mtu, ziweke mahali pake taratibu za kumsaidia aamue. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo yautaja uhuru wa kujichagulia kuwa mmoja wa misingi yake.

Yatupasa kuwa wakweli: si nchi zote zilizokubali tafsiri hiyo. Australia na Kanada ziliridhia Mkataba huku zikitamka kwamba zitabaki na nafasi ya kumwamulia mtu katika hali fulani. Lakini nyingine zimekwenda mbali. Sweden iliacha kuwatangaza watu wazima kuwa hawana uwezo tangu mwaka 1989. Peru ilibadili sheria zake mwaka 2018, na Kolombia mwaka uliofuata, ili mtu mzima mwenye ulemavu asiwekwe tena chini ya mlezi.

Kisa kimoja cha Marekani kimetugusa kwa kuwa chafanana na chetu. Jenny Hatch, mwanamke wa miaka 29 aliyezaliwa na hali iitwayo sindromu ya Down, alikuwa akifanya kazi katika duka la mitumba katika mji wa Newport News, jimbo la Virginia. Mama yake na baba yake wa kambo walikwenda mahakamani kuomba awekwe chini ya ulezi. Akahamishiwa katika nyumba za kutunzia watu wenye ulemavu, mbali na kazi yake na rafiki zake, na simu yake ikachukuliwa. Yeye alisema alitaka kuishi na wenye duka, waliokuwa rafiki zake. Mwezi Agosti 2013 hakimu aliamua aishi na hao aliowachagua, nao wawe walezi wake kwa mwaka mmoja tu, huku wakimwandaa aamue mambo yake mwenyewe kwa kusaidiwa. Mwaka ulipokwisha, ulezi ukakoma. Miaka miwili baada ya hukumu ile, jimbo la Texas likawa la kwanza katika Marekani kuyatambua kisheria makubaliano ya kusaidiana kuamua.

Kusaidiwa ni kufanya nini?

Pengine mtasema: hayo ni ya nchi tajiri zenye mawakili. Sivyo. Ni nani kati yetu aliyewahi kununua pikipiki bila kumchukua fundi wa kuikagua? Ni baba gani anayeuza ng'ombe kabla ya kumsikiliza mama watoto, hata kama hapendi tusema hivyo mbele ya watu? Sote twaamua kwa kusaidiwa. Tofauti ni kwamba sisi, baada ya kusaidiwa, huachiwa neno la mwisho.

Mwaka 2017 tulikwenda kwa kaka. Alituumiza kwa maneno, na alikuwa na haki. "Nimemlisha, nimemvika, na ninyi ndio mlionikabidhi kwa maandishi." Tulimwomba radhi, kwanza yeye, kisha binti. Binti alirudi kijijini kwa shangazi yake, nasi tukaketi naye upya, safari hii tukaketi mkekani.

Swali la kwanza tulilomwuliza lilikuwa hili: ungependa nani wakae nawe unapowaza jambo kubwa? Akawataja watatu. Shangazi yake, tulimtazamia. Mwalimu mmoja wa kike aliyestaafu, tulifurahi. Wa tatu alikuwa kijana wa bodaboda, mwenye sifa ya ulevi, na tukiri kwamba tulitazamana. Tukamwuliza kwa nini. Akajibu kwamba huyo ndiye peke yake asiyemdhulumu chenji. Kaka yake hakumtaja. Hilo lilimwuma sana ndugu yule, nasi hatukulificha.

Shauri la kibanja lilichukua asubuhi nne. Asubuhi, kwa kuwa jioni huchoka na hukubali lolote ili aachwe. Hatukuzungumza juu ya ekari wala asilimia. Tulizunguka mipaka pamoja naye, mwalimu akapanga maharage juu ya ungo: haya ni migomba, haya ni kahawa, tukiondoa haya hubaki haya. Kila mara tulimwomba atueleze kwa maneno yake mwenyewe nini kitatokea akichagua hivi au vile, na baada ya siku mbili tulimwuliza tena bila kumkumbusha. Majibu yalipolingana, tukaandika. Aliamua kuishi katika nyumba ya mama yake pamoja na binti wa binamu yake, kukodisha upande wa kahawa, na kubaki na migomba.

Karatasi tuliyoiandika safari hii ilikuwa ya ukurasa mmoja. Yataja majina ya wasaidizi na kila mmoja asaidia nini. Yasema hakuna anayeweza kutia sahihi mahali pa binti. Ni dole gumba lake tu, baada ya kusomewa mbele ya wasaidizi wawili. Yasema msaidizi asiwe mnunuzi wala mkopaji wa mali yake, na kwamba binti aweza kumwondoa msaidizi siku yoyote bila kutoa sababu. Hatuwadanganyi kwamba karatasi hii ina nguvu ya amri ya mahakama. Nguvu yake ni kwamba yaonyesha jinsi uamuzi ulivyofikiwa, na anayetaka kuubatilisha ataanzia hapo. Tulipoipeleka ofisi ya kijiji pamoja na muhtasari mpya wa ukoo unaofuta ile sentensi yetu, tuliulizwa: "Sasa nani anamsimamia?" Shangazi akajibu, "Anasimama mwenyewe. Sisi twamshika mkono."

Huko zahanati shangazi alikwenda naye, akamwomba mhudumu amweleze binti, si yeye, sindano ile ilikuwa ya nini. Alielezwa. Alichoamua baadaye juu ya sindano hiyo ni siri yake, wala hatutaisema hapa.

Yasiyo rahisi

Msidhani kila kitu kilinyooka. Mwaka 2018 aliuza mbuzi kwa bei ya hasara ili anunue redio, na redio ikafa kabla ya mwezi kwisha. Watu walikuja kwetu: "Mnaona?" Tuliona. Wasaidizi walikuwa wamemwambia bei ya mbuzi, alielewa, na aliitaka redio. Tangu hapo hupeleka vyombo vya umeme kwa fundi kwanza. Wanaume wa kijiji kile wamenunua redio mbovu nyingi, wala hakuna aliyeitiwa kikao cha ukoo.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Laini yake ya simu aliisajili kwa alama za vidole vyake mwenyewe mwaka 2019, lakini namba ya siri haikai kichwani mwake. Shangazi anaijua. Hapo tumemweka mtu mmoja mahali penye majaribu, na ulinzi tulio nao ni huu tu, kwamba mwalimu humsomea binti ujumbe wa fedha kila Jumamosi. Tukipata njia bora tutaifuata.

Kuna hatari nyingine inayotusumbua zaidi, yaani msaidizi anayejibu kabla ya mwenyewe kuulizwa. Twaweza kuubadili ulezi jina, tukauita msaada, na mambo yakabaki yale yale. Ukitaka kujua, tazama uso wa mtu anapoulizwa: je, hutazama ndani yake, au humtazama msaidizi apate kujua jibu gani linatakiwa? Mkataba wenyewe waonya juu ya ushawishi usiofaa na mgongano wa maslahi. Sheria ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu hata katika vijiji na mitaa. Pale zilipo hai, zipewe nafasi ya kuuliza maswali. Pale zilipolala, viongozi wa jumuiya mwaweza kuziamsha kwa barua.

Na asiyesema kabisa? Mama mmoja wa parokia hii ana kijana mwenye mtindio wa ubongo, hatembei wala hatamki neno. Alituuliza kwa uchungu kama na huyo tutamwuliza ataka nini. Tulinyamaza. Kisha yeye mwenyewe akaanza kutueleza: akifumba macho, hataki, akigonga kiti kwa kiwiko, anaomba apelekwe nje, mwanamume fulani akiingia, mwili wake hukakamaa, na mama amejifunza kutomwacha naye. Twauliza: huko si kusema? Kamati ya Umoja wa Mataifa yafundisha kwamba pale mapenzi ya mtu yasipojulikana hata baada ya juhudi zote, tutafute tafsiri bora ya mapenzi yake na ya mambo ayapendayo, badala ya kuamua sisi tuonavyo kuwa ni heri kwake. Tafsiri hiyo haiwezekani bila mtu anayemjua. Hofu ya mama yule ni kwamba akifa yeye, lugha ile yote itazikwa pamoja naye. Basi vijana wawili wa jumuiya wamenunua daftari, na kila Alhamisi huandika anayowaambia.

Kwa wenye maradhi ya akili yanayokuja na kuondoka, kazi ni nyepesi kidogo: wakati wa nafuu, mwenyewe aeleze kwa maandishi akizidiwa aitwe nani, apelekwe wapi, na nani asiguse mali yake.

Lililo wazi ni kwamba mzigo huu, kama mingine mingi, wawaangukia akina mama. Shangazi yule ana miaka sitini na kitu. Tusije tukamsifu katika semina halafu tukamwachia yote. Jumuiya yake sasa humpangia zamu za kwenda sokoni na zahanati, na zamu hizo zimo pia kwa wanaume.

Kaka alichaguliwa kuwa msaidizi wa nne mwaka 2020, kwa mambo ya kahawa peke yake; binti alisisitiza hivyo, ikaandikwa hivyo. Hivi karibuni ametuma salamu kwamba anataka kuuza mbuzi mwingine. Mwalimu amemwambia bei za mnada wa mwezi huu. Alipomwuliza fedha ni za nini, binti amecheka, akasema atawaambia Jumamosi.